Mpira wa Matambara na Kadi ya Manjano

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa watoto wadogo

Kiunga ni kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Pepo na mikondo ya Bahari ya Hindi huleta ufuoni mwake kila aina ya takataka, na katika takataka hizo kandambili, au champali kama wasemavyo Mombasa, hazina idadi: zilizokatika mikanda, zilizopauka kwa chumvi, nyingine mguu wa kushoto mtupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Julie Church, mhifadhi wa bahari aliyekuwa akishughulika na ulinzi wa kasa katika hifadhi ya hapo, aliwaona watoto wakizikata kandambili hizo na kuzigeuza vitu vya kuchezea. Akawashawishi mama zao waziokote, wazioshe, wazichonge na kuziuza. Kutokana na shughuli hiyo ndogo ilizaliwa Ocean Sole, karakana iliyo Nairobi, ambayo hutengeneza twiga, tembo na kasa wa rangirangi kwa raba ya kandambili na kuwauza hadi ng'ambo.

Kisa hicho husimuliwa kila uchafuzi wa bahari unapotajwa, na ni haki yake. Upande wake mwingine hupitwa haraka. Wa kwanza kuona kwamba raba ya kandambili inakatika kwa urahisi, inaelea, na haimkwaruzi mtu mkononi, walikuwa watoto wenye haja ya kitu cha kuchezea. Watu wazima walizikanyaga kandambili zile zile kila siku wakienda zao.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Kitu kilichotengenezwa nyumbani humfaa mtoto mdogo kwa kadiri ya kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, kando ya mtu mzima aliyemwachia nafasi ya kuifanya. Uzuri wa kitu chenyewe huja nyuma sana, na mara nyingine hauji kabisa. Mzazi akilikubali hilo, mambo mengi yanayomsumbua kuhusu zawadi za mikono, yaani gharama, muda, uchafu sakafuni na macho ya majirani, hupungua uzito.

Tuanze na macho ya majirani, maana hayo ndiyo yenye nguvu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki gari la boksi lenye magurudumu ya vizibo ni ushahidi wa shida. Baba aliyekulia kwenye gari la waya akipata mshahara wa kwanza, jambo analolikimbilia ni kumnunulia mwanawe gari la betri linalowaka taa na kupiga kelele. Hakuna wa kumlaumu. Anauambia ulimwengu kwamba mtoto wake hatapitia alikopitia yeye. Zanzibar, siku za Idi, watoto wakishapewa mkono wa Idi huelekea viwanja vya sikukuu wamevaa nguo mpya, na sehemu kubwa ya fedha hiyo huishia kwenye miwani ya plastiki, saa zisizotembea na vijigari ambavyo gurudumu hutoka kabla sikukuu haijaisha. Krismasi ya Dar es Salaam au Nairobi haina tofauti kubwa.

Kitu cha dukani kina nafasi yake. Mpira halisi wa ngozi hauna mbadala kwa mtoto wa miaka 9 anayetaka kujua mchezo, na kitabu cha picha kilichochapwa vizuri ni bora kuliko cha kubandika. Lakini kwa mtoto wa miaka 2, 3 au 5, kitu cha dukani kina kasoro moja isiyotibika: kazi yote imekwishafanywa na mtu mwingine. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe. Ndiyo sababu mama wengi wa mjini wameshuhudia mdoli wa bei kali ukiachwa pembeni na boksi lake likiburutwa nyumba nzima.

Lugha yenyewe inaonyesha kwamba pwani haikuwa na uhaba wa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono. Tiara, ambayo wengine huiita kishada, iliruka kabla ya karatasi za nailoni. Pia ya mti ilizunguka vumbini. Kititia cha makuti kilipepea kwa upepo wa mbio za mtoto mwenyewe. Vifuu vya nazi vilikuwa masufuria, na mchanga ulikuwa wali.

Upande wa shule, mtu aliyelipa wazo hili umbo rasmi ni Mjerumani Friedrich Fröbel. Mwaka 1837 alifungua katika mji mdogo wa Bad Blankenburg mahali pa kulea na kufundisha watoto ambao hawajafikia umri wa shule, na mwaka 1840 akapapa jina la Kindergarten ambalo dunia nzima imelirithi. Fröbel alibuni mfululizo wa vitu vya kumkabidhi mtoto hatua kwa hatua, akaviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira 6 laini ya sufu, kila mmoja na rangi yake, imefungwa uzi ili ining'inie na kubembea. Iliyofuata ilikuwa tufe, silinda na mchemraba wa mbao. Baada ya zawadi zikaja kazi: kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kutoboa kwa sindano, kushona, kufinyanga. Serikali ya Prussia iliyaona mambo hayo kuwa ya hatari kwa dini na siasa, ikazipiga marufuku shule zake mwaka 1851. Fröbel akafariki mwaka uliofuata, marufuku ikiwa bado ipo. Ni vigumu leo kumfikiria waziri aliyeogopa mipira ya sufu.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Huko Marekani mchapaji Milton Bradley, ambaye alikuwa pia mtengenezaji wa michezo ya mezani, alianza kuzitengeneza zawadi za Fröbel na kuziuza ndani ya maboksi. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, mama mmoja aliziona na kuvutiwa, akamtafutia mwanawe. Mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, alikuja kuwa msanifu majengo maarufu, na hata uzeeni alikuwa akikiri jinsi vile vipande vya mbao vilivyomfunza. Kwa hiyo maboksi yalifanya kazi nzuri. Hata hivyo, mpira wa sufu ambao mama yeyote angeweza kuufuma jioni ulikuwa umegeuka bidhaa ya kuagizwa, na ndivyo ilivyo hadi leo kwa vifaa vingi vya chekechea vinavyouzwa ghali mijini kwa jina la elimu bora.

Siku ya Mama ilipitia njia hiyo hiyo, kwa uchungu zaidi. Anna Jarvis aliianzisha kwa kumkumbuka mama yake kwa ibada iliyofanyika Grafton, West Virginia, Mei 1908, akapeleka kanisani maua meupe 500 ya karnesheni. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza kuwa siku ya taifa, Jumapili ya pili ya Mei. Muda si muda wauza maua, wauza peremende na wachapishaji wa kadi wakaiteka. Jarvis aliupinga ulanguzi huo kwa miaka mingi, na kadi zilizochapwa tayari zilimuudhi kupita vyote, kwa kuwa mtu mzima alikuwa akilipa ili maneno yake kwa mama yake yaandikwe na mgeni. Alifariki mwaka 1948 bila kushinda.

Watafiti nao wamelichungulia jambo hili. Mwaka 2012 Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn, huko Kanada, walichapisha utafiti mdogo wa watoto ambao hawajatimiza miaka 2. Kila mtoto alipewa bakuli la vibiskuti, kisha akaombwa ampe kimoja mwanasesere aliyeonekana kukila kwa furaha. Nyuso za watoto zilirekodiwa na kupimwa na watu wasiojua lengo la utafiti. Watoto walionekana kuwa na furaha zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na furaha ilizidi pale walipotoa kibiskuti cha bakuli lao wenyewe kuliko walipokabidhiwa kingine kilichookotwa pembeni ili wakitoe. Mtoto ambaye bado anavaa nepi anatofautisha kutoa chake na kupitisha cha mwingine. Mzazi anayenunua zawadi, anaifunga, anaandika jina la mtoto juu yake na kumsukuma akamkabidhi bibi, anamnyima kile kinachomfurahisha.

Utafiti wa pili ni wa zamani zaidi, nao ungefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila shule ya awali. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda katika shule ya watoto ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakawateua watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe likichora. Kundi jingine lilichora bila ahadi, likashtukia linapewa cheti. La tatu halikuahidiwa wala kupewa kitu. Baadaye kalamu zilirudishwa darasani, kila mtu achore akitaka. Walioahidiwa cheti walizishika karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu hata kidogo. Kwa lugha ya nyumbani: ukimwambia mtoto, "Mtengenezee babu kadi nikupe pipi," umemwajiri, na mwajiriwa mshahara ukiisha huondoka.

Kenya ilipoleta mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kuingia madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, kazi za mikono zilirudi nyumbani pamoja na mtoto. Wazazi wakajikuta wakitafuta magunzi, chupa, vitambaa na kadibodi usiku. Kazi iliyopata umaarufu kuliko zote ni ile sanamu ya kufukuzia ndege shambani, ambayo wanafunzi walitakiwa kuitengeneza hata pale ambapo shamba la karibu liko safari ya basi. Malalamiko yalikuwa mengi na mengine yalikuwa ya haki, hasa ya gharama. Lakini picha zilizosambaa za sanamu zilizosimama wima, zenye koti lililoshonwa na kofia iliyonyooka, zilieleza zaidi ya malalamiko. Mtoto wa miaka 7 hafanyi kazi ya namna ile. Mzazi aliikeshea yeye, kwa kuogopa alama na kwa kuogopa kuaibika mbele ya wazazi wenzake, na mwalimu akapokea kazi ya baba.

Tanzania nayo ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Ujifunzaji wa awali umewekwa humo sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Ushauri wanaopewa walezi katika mipango ya aina hii ni wa kawaida kabisa: sufuria na kijiko, kopo lenye mawe yaliyofungiwa vizuri ndani, mdoli wa kitambaa.

Basi mkono wa mtoto unaweza nini? Anapokaribia mwaka mmoja anaokota punje kwa kidole gumba na cha shahada. Karibu na miaka 3 anaiga duara, na mkasi wenye ncha butu anaanza kuumudu akiwa na miaka 3 hadi 4, kwa vipande vifupi, si kwa kufuata mstari. Mraba huja karibu na miaka 4, pembetatu karibu na 5. Watoto hutofautiana, na aliyechelewa miezi michache si mgonjwa. Maana yake kwa mzazi ni kwamba kazi ichaguliwe kwa kuangalia mkono, isichaguliwe kwa kuangalia picha iliyoonekana kwenye simu.

Mpira wa matambara ni mfano mzuri kwa sababu una kazi ya kila mkono. Ndani kuna kiini: gazeti lililofinyangwa hadi likawa gumu, au kipande cha sponji ya godoro kuukuu. Mtoto wa miaka 2 analifinyanga gazeti vizuri kabisa, na kulichana analiweza zaidi. Juu ya kiini huzungushwa matambara. Mabaki ya fundi cherehani yanafaa kuliko nguo nzima kwa kuwa ni membamba na hayaachi vinundu. Mtoto wa miaka 4 anashikilia ncha huku mkubwa akizungusha, kisha wanabadilishana. Soksi iliyotoboka kisigino huvutwa juu ya vyote, na hapo kila mtoto hutaka awe yeye wa kuivuta. Mwisho ni kufunga. Kamba ya katani inafaa. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinafaa zaidi kwa kuwa vinabana vyenyewe. Bukoba na Uganda, maganda makavu ya mgomba hufanya kazi zote mbili, ya kujaza na ya kufunga. Siri iko kwenye kugeuza: kila duru moja ya kamba mpira ugeuzwe robo, kamba ipishane na mwenzake, mpaka wavu ujengeke pande zote. Anayezungusha upande mmoja tu atapata yai, na yai halidundi.

Vijana wa chandimu waliokua kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki watasema mpira bora ulikuwa wa rambo. Walikuwa sahihi, nailoni haikunywa maji. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na ufundi ukarudi kwenye kitambaa. Faida yake ni kwamba kitambaa kinaweza kushikwa na mtoto mdogo bila hofu ya kumziba pumzi, jambo ambalo mfuko wa nailoni haukuwa salama nalo hata siku moja.

Kadi ya manjano ni ya jikoni, na inawafaa watoto wa miaka 4 kwenda juu. Nusu kijiko cha manjano ya unga hukorogwa katika robo kikombe cha maji ya moto, yakapoa, mtoto akapaka karatasi nyeupe isiyong'aa kwa kipande cha sponji hadi iwe njano yote. Ikaushwe juani. Pembeni, kipande kidogo cha magadi, yale yale ya kulainishia maharage, huyeyushwa katika vijiko vitatu vya maji. Mtoto anachovya kijiti chenye pamba kwenye maji hayo, ambayo hayana rangi, kisha anachora. Pale kijiti kinapogusa, njano inageuka damu ya mzee papo hapo.

Watoto hupiga kelele. Watu wazima pia.

Sababu ni ya kikemia na haina uchawi wowote: rangi iliyomo ndani ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye asili ya besi, kama magadi au sabuni ya mche. Tone la ndimu huirudisha njano, kwa hiyo hata kosa lina dawa yake. Mkubwa ayeyushe magadi yeye mwenyewe na kuhakikisha mtoto hajisugui macho, kwani huwasha. Doa likiingia kwenye nguo, lifuliwe na kuanikwa kwenye jua kali. Mwanga huivunja rangi ya manjano. Kadi hiyo inapompelekea bibi mstari uliopinda na herufi iliyogeukia kushoto, isirekebishwe. Bibi anasoma.

Kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea kuna ufundi ambao pwani imeufanyia kazi kwa vizazi vingi. Wanawake wa Pemba na wa kusini mwa Unguja hukata makuti machanga ya mkindu kabla hayajafunguka, huyachana, huyaanika hadi yawe meupe, na baadhi huyachemsha na rangi. Pwani ya Kenya miyaa ya mkoma hutumika vivyo hivyo. Makuti hulowanishwa kidogo yasikatike, kisha husukwa ukili, ule mkanda mrefu unaokunjwa kama roda na kubebwa kokote, ili mikono ifanye kazi huku mdomo ukizungumza. Ukili ukitosha hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka, msala, mkoba au kawa. Ndani ya mpangilio huo mtoto ana kazi halisi kabla hajajua kusuka: kulowanisha, kupanga marefu na mafupi, kushika ncha isiteleze. Kisha hupewa msuko wa tatu, ule ule wa nywele. Ukili wa tatu wenye urefu wa shibiri moja tayari ni zawadi, kwa kuwa ni alama nzuri ya kuwekea ukurasa wa msahafu au wa Biblia. Wenye shibiri mbili, ukizungushwa na kushonwa, ni kitako cha kikombe cha chai cha shangazi.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wa mjini hulisahau. Mtu anayeshinda na mtoto mchana kutwa mara nyingi ni dada wa kazi, na dada huyo huenda ndiye fundi pekee ndani ya nyumba. Aliyekulia Iringa, ambako wanawake husuka vikapu vya milulu, au Kusini Unguja, au kwa Wakamba wanaosuka vyondo vya katani, anayajua mambo ambayo mwajiri wake anayatafuta mtandaoni. Aombwe afundishe, mbele ya mtoto, na aitwe mwalimu siku hiyo. Wazee nao hivyo hivyo: babu ambaye hajui la kuongea na mjukuu anayezungumza Kiingereza cha shule anajua kuchonga pia ya kuzungusha.

Wanasesere wanataka maneno machache zaidi. Gunzi la hindi lenye nyuzi zake bado linatosha kuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kipande cha kanga kuukuu ni mbeleko yake. Wazaramo walikuwa na mwana hiti, umbo la mti lisilo na mikono, lenye nywele zilizochongwa, ambalo mwali alikabidhiwa alitunze wakati wa kuwekwa ndani. Hilo lilikuwa jambo la unyago, si mchezo, lakini linakumbusha kwamba mdoli haukuhitaji uso ili uleleke. Mzazi anayeshona mdoli wa soksi aliepuke jicho la kifungo: alidarizi kwa uzi, au aliache.

Maana usalama hauna mzaha. Kitu chochote kinachopenya ndani ya kile kiini cha kadibodi cha karatasi ya chooni hakifai kukaa mikononi mwa mtoto wa chini ya miaka 3. Atakimeza au kitamkaba. Vifungo, vizibo, shanga na mawe ya mdako vyote vinapenya. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinazoitwa tipitipi au turituri, ni nzuri kwa macho na watu huzitunga shanga, lakini ndani yake kuna sumu kali sana, hatari zaidi mbegu ikipasuka, kutobolewa au kutafunwa. Zisiingie kabisa katika kazi za watoto. Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mlango huenda ina madini ya risasi, basi isipakwe kwenye kitu kitakachotiwa mdomoni. Makopo yakunjwe makali kwa nyundo kabla ya kuwa magari. Na puto lililopasuka liokotwe mara moja.

Gundi haihitaji kununuliwa. Kijiko kikubwa cha unga wa muhogo au wa ngano katika nusu kikombe cha maji, juu ya moto mdogo, kikikorogwa hadi kiwe kama uji mzito, hubandika karatasi na kitambaa vizuri. Hudumu siku mbili tatu, kisha huchacha. Ule unga wa kufinyanga wa vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, unaosifiwa sana kwa kuchukua alama za viganja vya watoto, una tatizo kwetu: chumvi hunyonya unyevu, na kiganja kilichokauka vizuri Januari huanza kulainika wakati wa masika. Dodoma na Nairobi kitadumu, Tanga na Mombasa ni bahati. Pwani ni afadhali udongo wa kichuguu, ambao hufinyangika vizuri na haumalizi unga wa maandazi.

Muda ndio kikwazo kinachotajwa na kila mzazi, na ni cha kweli kwa anayefika nyumbani saa moja usiku akiwa amesimama daladala nzima. Lakini mtoto wa miaka 3 hataki saa mbili. Dakika 15 au 20 zinamtosha, kisha anaondoka, na kazi haina budi kuachwa ilipofika. Wazazi wengi huharibu hapo: mtoto ameshachoka, mama anataka kadi iishe, anaimaliza mwenyewe kwa hasira. Ndiyo sababu kazi za hatua ndogo, zinazoweza kulala hadi Jumamosi ijayo, zina faida kuliko zile za kumaliza kwa kikao kimoja. Kikuba cha asumini na rehani ni tofauti, kwa kuwa maua hayangoji. Kwa hicho, mkesha wa Idi, mtoto apewe kuchambua maua na kupanga majani, mkubwa ashike sindano, na kifungwe jioni hiyo hiyo.

Limebaki suala la nini kifanywe na lundo lote hili baada ya mwaka mmoja. Si kila mchoro ni wa kuhifadhiwa, na mtoto huona haraka kwamba sifa zimetolewa kwa kila kitu sawasawa. Mwambieni achague vitatu, vingine viende na taka au vitumike tena. Vitu vya ukindu vitolewe juani mara kwa mara, maana wadudu na ukungu huvipenda. Mpira wa matambara ukilowa uanikwe siku nzima kabla ya kuchezewa, la sivyo gazeti la ndani huota ukungu na harufu yake haitoki. Kadi ya manjano, kwa kuwa mwanga huila rangi yake, iwekwe ndani ya kitabu au itundikwe kwenye ukuta usiopigwa na jua, na jina la mtoto na mwezi viandikwe nyuma kwa penseli, kwani wino wa kalamu ya kawaida hupenya na kutokea upande wa picha.